Kazi za Watu Zinalipa, Riwaya Yangu Imelala

Safari hii barua nyingi zilizonifikia zinaongelea kitu kimoja, watu wanaoishi kwa kuandika kazi za wengine huku wanatamani kuandika vya kwao. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu naona inawagusa wengi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini.

SWALI: Dada habari za siku. Mimi niko Uyole hapa hapa Mbeya, mama wa watoto wawili. Nilisoma lugha chuo, ajira sikupata, basi miaka kadhaa sasa najitegemea kwa kuandika. Kazi zangu ni mchanganyiko, natafsiri dodoso na fomu za watafiti kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, nafanya transkripsheni za mahojiano yao, yaani kusikiliza rekodi na kuichapa neno kwa neno, nasaidia mashirika kuandika ripoti na maandiko ya miradi, na mambo yakibana naandika hata matangazo ya wenye maduka pale Mwanjelwa. Hela inapatikana, kodi nalipa, ada nalipa. Shida ni riwaya yangu. Inahusu binti anayekulia Tunduma, mama yake anabadilisha hela pale boda ya Zambia. Nina sura nne ambazo nikizisoma mwenyewe nasisimka, ila tangu mvua za mwaka jana sijaongeza hata ukurasa. Usiku watoto wakilala nafungua faili, nakuta kichwa hakina kitu, na hata nikilazimisha naona sentensi zinatoka kama ripoti. Mume wangu anasema nichague moja. Je nipunguze kazi, niiache riwaya mpaka watoto wakue, au nifanyeje? — Mama Wawili, Uyole

JIBU: Mdogo wangu, salama kabisa, na asante kwa barua ndefu maana umenipa jibu humo humo ndani bila kujua. Umesema sentensi zinatoka kama ripoti. Hapo ndipo pa kuanzia, tuweke muda pembeni kwanza. Wengi wakikwama wanasema muda hautoshi, na kweli hautoshi, lakini wewe unaupata huo muda usiku, unafungua faili, unakaa. Kinachokosekana ni lugha yako, umeitumia mchana kutwa kwenye kitu kingine mpaka imechukua umbo la hicho kitu.

Tuangalie kwa karibu. Mtu aliyeshinda siku tatu kwenye ripoti ya mradi akirudi kwa yule mama wa Tunduma ataandika hivi: "Mama yake alikuwa akikabiliwa na changamoto za kifedha." Hakuna kosa la sarufi hapo na mfadhili angeipitisha, ila yule mama hayupo, wala Tunduma haipo. Sasa mwandike kabla hujagusa ripoti: "Mama alizihesabu kwacha mara mbili, akazirudisha kifuani, akasema leo tunakunywa uji." Hiyo ya pili unaweza kuiandika wewe, ninaamini hivyo kwa sababu umesema sura nne za mwanzo zinakusisimua. Hujapoteza uwezo. Umeshinda na wadau na wanufaika na kujengewa uwezo, maneno ambayo kazi yake ni kuongelea watu wengi kwa pamoja bila kumwona hata mmoja, na riwaya inataka umwone mmoja.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na shemeji kwamba uchague moja, ila sikubaliani pia na wale wanaosema kazi yoyote ya kuandika inakukuza kama mwandishi. Haiko hivyo. Kazi zako za kulipwa ziko za aina nne na kila moja inakuachia kitu tofauti mdomoni, nataka uzipime kwa hicho inachokuachia na sio kwa hela peke yake.

Transkripsheni, kwa maoni yangu, ndiyo kazi bora kwa mtunzi ingawa ndiyo inayochosha kuliko zote. Rekodi ya saa moja inakula saa nne mpaka sita za kuchapa hata kwa mtu mzoefu, na ikiwa ni majadiliano ya kikundi ambapo watu wanane wanaongea kwa wakati mmoja inaweza kupita hapo. Lakini fikiria unachofanya muda wote huo, unarudisha nyuma sekunde tano, unasikiliza tena, unasikia mkulima anaanza sentensi anaiacha katikati anakohoa anarudi na jibu la swali lililopita, unasikia mama akiulizwa kuhusu mume ananyamaza kwanza alafu anaongelea mvua. Hakuna darasa la dayalojia linalofundisha hivyo. Kuna mpaka hapo na uuheshimu bila mjadala, ulisaini kutunza siri za wale watu, kwa hiyo jina, kijiji, ugonjwa, kisa chenyewe haviingii kwenye riwaya hata ukivibadilisha kidogo. Unachobaki nacho wewe ni sikio tu, namna watu wanavyokwepa swali, wanavyorudia neno, wanavyocheka pale ambapo hapachekeshi. Sikio ni lako.

Tafsiri iko katikati. Kutafsiri dodoso kunakufundisha kupima neno, kujua kwamba mtu wa kijijini Rungwe akiulizwa swali kwa Kiswahili cha ofisini atajibu kitu kingine kabisa. Ila usipoangalia Kiingereza kinaingia kwenye miguu ya sentensi zako, unaanza kuandika "ilikuwa ni yeye ambaye", na ukishaona hivyo ujue unahitaji kusoma kitu cha Kiswahili kizuri kwa sauti kabla ya kulala, hata kurasa mbili. Kwa sauti nasisitiza.

Ripoti na maandiko ya miradi ndiyo yanayolipa, najua, na ndiyo yanayoharibu. Usiyaache. Yawekee tu mahali pake, nitasema hapo chini. Matangazo ya maduka sina la kusema zaidi ya kwamba mteja anakulipa kidogo na anakurudisha mara saba, badilisha rangi, ongeza neno ofa, mara shemeji yake kasema halijakaa vizuri.

Sasa hesabu. Chukua mwezi mmoja, kila kazi andika imekula saa ngapi kweli kweli pamoja na simu na masahihisho, ugawe hela kwa saa. Nina uhakika matangazo yatakuwa mkiani na pengine hata tafsiri zile za haraka haraka zitakuwa chini. Ile ya mwisho kabisa iache, moja tu, hutakufa njaa na utapata saa kadhaa kwa wiki bila kugombana na mtu. Transkripsheni dai kwa dakika ya rekodi na sio kwa siku, na ya kikundi iwe na bei yake ya juu kuliko ya mtu mmoja. Ripoti dai nusu kabla hujaanza. Na unapotaja bei kwa taasisi kumbuka kwamba watakata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye huduma, wengi wanasahau wanabaki wanashangaa hela pungufu, kwa hiyo uwe na TIN yako, ile namba ya mlipakodi, na uwadai cheti cha zuio maana kile kinahesabika kwenye kodi yako ya mwaka. Naingia kwenye haya kwa sababu kila shilingi unayoipoteza kwa bei mbovu unailipa baadaye kwa saa, na saa hizo zinatoka kwenye riwaya.

Halafu kalenda. Kazi zako hazimwagiki sawa mwaka mzima hata kama unahisi hivyo. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni, na mashirika mengi yanaripoti kwa robo, kwa hiyo mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba ndipo simu yako inapowaka moto. Wiki hizo usipange kuandika sura. Usijilaumu pia, kula hela, andika ripoti, lala. Cha kufanya wiki hizo ni kimoja, kuwa na daftari dogo la Tunduma, kila siku mistari miwili mitatu ya kitu kinachoonekana au kusikika, foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, sauti ya mtu anayeita kwacha kwacha, mwanamke anavyokunja noti. Hiyo inatosha kuiweka hai. Ripoti za Juni zikishaondoka, Julai hiyo huku kwetu ni baridi watu wanakaa ndani, simu zimepoa, hapo ndipo unaingia kwenye sura yenyewe. Mwaka mmoja una nafasi kama hizo nne na ukizitumia vizuri mswada unaisha, polepole lakini unaisha.

Kwenye wiki za kawaida mimi naomba uhame kutoka usiku kwenda alfajiri. Najua Uyole saa kumi na moja alfajiri mwezi wa sita pakoje, mikono haikunjuki. Jifunike blanketi na utumie daftari badala ya laptopu. Daftari halina WhatsApp, na umeme ukikatika linaendelea. Cha muhimu ni mpangilio, stori iguse kichwa chako kabla ya ripoti, kabla hujafungua simu, kabla hujasoma ujumbe wa mteja. Nusu saa ya namna hiyo inazaa kuliko saa mbili za usiku ukiwa umekaukiwa. Na ukimaliza uifunge, uende ukawachemshie watoto chai, usianze kuisoma soma na kuifuta.

Kuhusu kuiacha mpaka watoto wakue, hapana. Hakuna atakayekuja kukuambia sasa wamekua. Na kuhusu kuacha kazi, hapana pia, na hapa nitamtaja mtu ambaye sote tunamheshimu. Shaaban Robert aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926 kama karani, akakaa huko mpaka 1944, kisha akaendelea kwenye idara nyingine za serikali ya kikoloni karibu miaka yote iliyobaki mpaka alipokaribia kufa mwaka 1962. Mashairi na nathari yote ile iliandikwa na mtu mwenye ajira, mwenye familia, anayehamishwa kituo kimoja hadi kingine. Ila karatasi za forodha zilibaki forodhani, huwezi kuzisikia kwenye tungo zake hata ukitafuta. Mshahara ulimpa kitu kikubwa sana, hakulazimika kumfurahisha mnunuzi kwa kila ubeti. Hela yako ya ripoti inaweza kukufanyia hivyo hivyo, inamlinda yule binti wa Tunduma asiuzwe kabla hajakomaa.

Shemeji usimshindanishe na riwaya. Mwombe kitu kimoja kinachoshikika, mfano Jumamosi asubuhi abaki na watoto mpaka saa nne, wewe uende mahali au ujifungie. Mtu akiombwa "nipe nafasi ya kuandika" haelewi atoe nini, akiombwa Jumamosi mpaka saa nne anaelewa. Na siku moja chukueni basi mwende wote Tunduma, ni kilometa 100 na kidogo tu kutoka Mbeya mjini, mtembee pale boda, umwonyeshe unachokiona. Inawezekana kabisa hajui ni nini hicho unachokipigania, maana wewe mwenyewe unakiandika wakati yeye kalala.

SWALI: Kamwene mama, shikamoo. Mimi kijana wa Kihesa, Iringa. Naandika hadithi za kulipia WhatsApp, wasomaji wanatuma hela kwa simu nawaingiza kwenye grupu, kila usiku natupia sehemu moja. Ndiyo inanilisha. Nikichelewa hata siku moja wananishambulia, wengine wanadai warudishiwe hela. Ndoto yangu ni riwaya ya kihistoria, enzi za Mkwawa, niipeleke kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere. Lakini nikimaliza kutupia sehemu ya usiku sina nguvu tena. Niachane na grupu? — Kijana wa Kihesa

JIBU: Marahaba mwanangu, kamwene. Usiachane na grupu. Watu wanaokulipa kila wiki wasome ulichoandika ni kitu ambacho waandishi wengi wenye vitabu dukani hawana, na ukali wao unaonyesha wanakisubiri. Kinachotakiwa ni wewe kuacha kuandika leo kitu cha kutupia leo. Hadithi unayoendelea nayo imalize kwa heshima, alafu watangazie mapumziko, na ile inayofuata usiifungue mpaka uwe na akiba ya sehemu za kutosha mwezi mzima zimekaa kwenye simu. Waambie kabisa kabla hawajalipa kwamba itakuwa mara tatu kwa wiki, taja na siku zenyewe. Aliyelipa akijua hivyo hana cha kudai, na wewe umepata jioni nne.

Sasa riwaya ya Mkwawa, hapo nina neno. Umezoea kumalizia kila sehemu mtu kashikiwa bastola au mlango umegongwa, ni ufundi na unauza, lakini historia hii haihitaji hiyo sukari. Jeshi la Wajerumani chini ya kamanda Zelewski lilipigwa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na yeye mwenyewe akauawa, ngome ya Kalenga ikaanguka mwisho wa Oktoba 1894, Mkwawa akaendelea kupigana porini mpaka Julai 1898 alipojiua asikamatwe, na fuvu lake halikurudi mpaka 1954. Msomaji wa Iringa anajua mwisho tangu darasa la nne. Kwa hiyo huwezi kumshika kwa "je nini kitatokea", unamshika kwa yale ambayo hakuna aliyeyaandika, ile miaka minne kati ya Kalenga na kifo, nani alikuwa anapika, nani anabeba maji usiku, nani alichoka akataka kusalimu amri na hakuthubutu kusema. Hiyo inataka utafiti wa taratibu na wewe unaishi mlangoni. Kalenga iko karibu na mji, nenda makumbusho ukiwa na daftari, sio simu ya kupiga selfi, na ukimaliza kaa na wazee wa pale uwasikilize wanavyosimulia kwa Kihehe kama unakisikia.

Na tuzo usiiandikie, andika riwaya. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, wa kwanza anapata shilingi milioni 10 na mswada wake kuchapishwa, ni kitu kikubwa na uilenge. Lakini inashindanisha miswada ambayo bado haijachapishwa, kwa hiyo usije ukakosa hadithi ya grupu siku moja ukawarushia sura ya Mkwawa, hapo utakuwa umejifungia mlango. Weka kwenye faili lingine kabisa, hata simu nyingine kama unayo. Dirisha la mwaka huu likikupita kazi ikiwa mbichi, acha likupite.

SWALI: Mama shikamoo, niko Njombe. Mzee mmoja mwenye mashamba ya parachichi ananilipa vizuri niandike historia ya maisha yake, itoke kwa jina lake. Roho inasita, naona kama nauza kipaji. Na nina hadithi fupi zangu ambazo zitasimama. Nikubali? — Mwalimu, Njombe

JIBU: Marahaba mwalimu. Kubali, ni kazi halali kabisa mradi mzee na wewe mmeelewana kwamba wewe unaandika na yeye ndiye mwenye maisha. Kipaji hakiuzwi kwa kuandikia mtu, ungekuwa unakiuza kama ungemtungia mambo ambayo hakuyafanya, hapo kataa hata akiongeza hela.

Ila usiingie bila karatasi. Haki ya kazi ya kuandika inaanza pale pale inapoandikwa, haisubiri kusajiliwa COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ndiyo maana mtu aliyekuajiri na wewe mnaweza kugombana baadaye kila mmoja akiamini ni yake. Andikeni nani anamiliki nini, jina lako litatajwa ndani au halitajwi kabisa, malipo kwa awamu ngapi, masahihisho mara ngapi, na likitokea mzee akafariki kabla ya kumaliza watoto wake watakulipa au wataendelea na mtu mwingine. Hilo la mwisho watu wanaona aibu kuliandika na ndilo linaloleta kesi. Mrekodi kwa vikao vifupi, wazee wanachoka baada ya saa moja na wanaanza kusema unachotaka kusikia.

Hadithi zako fupi zisisimame zote. Bakiza moja, ile iliyo karibu kuisha, ifanyie kazi siku ambazo huna kikao na mzee, na iwe mbali kabisa na habari za mashamba na ukoo wake. Mkataba wekeni sahihi mbele ya shahidi ambaye si ndugu wa mzee wala si ndugu yako.